Kila nilichomwambia ni kweli tupu, sasa kwa nini mke wangu anasema najitetea?

Anti shikamoo. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, nilikuwa naona haya mambo ni ya watu wengine. Naomba usinitaje jina. Nina miaka 36, nimeoa, ndoa ina miaka 8, mke wangu ni mtu mzuri sana na sina tatizo naye kabisa, tatizo ni hili moja tu ambalo naona haliishi na limenichosha.

Kwa kifupi mke wangu alikuwa na operesheni, siyo kubwa, daktari mwenyewe alisema unaingia asubuhi jioni uko nyumbani, na tulikubaliana mi ndo ntampeleka na ntakaa naye mpaka amalize, maana ukishapewa ile dawa ya usingizi hawakuachii utoke peke yako, lazima aje mtu wako akuchukue. Sasa siku yenyewe asubuhi bosi akatuma meseji kwenye grupu la kazini kwamba kuna kikao cha dharura, wageni wamewahi kufika, na mi ndo nilikuwa nimeandaa ile ripoti, yaani nisingeweza kukosa. Nikamwambia mke wangu we tangulia, mi ntakukuta hukohuko. Nikapiga hesabu kwamba kikao ni saa moja tu kimeisha, na hospitali nako mpaka uitwe si kuna kusubiri, kwa hiyo hata nikichelewa nachelewa kidogo.

Anti kikao kikawa kirefu. Watu wanaongea tu hawamalizi. Simu yangu nayo ilikuwa na chaji kidogo sababu mtoto aliichezea usiku, katikati ya kikao ikazima. Natoka pale nakuta foleni ya magari haisogei, nafika hospitali naambiwa ameshaondoka. Kumbe alimaliza mapema, akakaa mapokezi ananisubiri, anapiga sipatikani, mwisho akampigia mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndo akaenda kumchukua akamrudisha nyumbani.

Nilipofika nyumbani kitu cha kwanza kabla hata sijakaa nikamwomba msamaha. Nikamwambia samahani sana mke wangu, simu ilizima, kikao kilikuja ghafla, na barabarani hakupitiki. Akasema sawa. Kesho yake nikamwandikia meseji ndefu, naiweka hapa kama ilivyo ili uone sijaficha kitu: "Samahani kwa yote yaliyotokea jana. Najua umeumia. Haikuwa nia yangu kabisa, unajua kazi yangu ilivyo na unajua nafanya haya yote kwa ajili yenu. Kama nimekukosea nisamehe." Akajibu "nimeiona". Basi.

Tangu hapo nimeomba msamaha mpaka nimechoka. Nikamnunulia simu mpya nzuri, akasema asante akaiweka kabatini na boksi lake. Siku moja nikapandwa na hasira nikamwambia basi mi ni mume mbaya, sifai, labda ungeolewa na mwingine, akaniangalia akasema "ona, sasa inabidi mi ndo nikubembeleze wewe". Hiyo kauli mpaka leo sijaielewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hajanuna. Anaongea, anacheka na watoto, kila kitu kama kawaida, ila haniombi kitu. Zamani ilikuwa nipitie hiki, nisaidie kile, mpaka nilikuwa nalalamika. Saivi gari likisumbua anampigia mdogo wake. Juzi nimemsikia kwa bahati tu anapanga na huyo mdogo wake kurudi kliniki kuangaliwa kidonda, mi sijaambiwa. Nikamuuliza, akasema "sikutaka kukusumbua, una kazi".

Nikamuuliza wazi sasa shida nini wakati nimeshaomba msamaha? Akasema "hujawahi kuniomba msamaha, umekuwa unajitetea". Hapo ndo nikaishiwa nguvu. Anti, kikao kilikuwepo, ushahidi upo kwenye grupu. Simu kweli ilizima. Foleni ilikuwepo. Sikuwa kwa mwanamke, sikuwa nimelewa. Na yeye mwenyewe siku chache kabla alisema "ni kitu kidogo, hata usipokuja sawa", hiyo haikumbuki. Sasa kusema ukweli wa kilichotokea ndo kujitetea? Nilitakiwa nikae kimya nisielezee? Na nifanyeje ili anisamehe yaishe?

Ni mimi, Nimeomba Mpaka Basi.

Anti anajibu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako nikairudia, na kabla ya yote nakuambia nakuamini. Kikao kilikuwepo, chaji iliisha, foleni haikusogea. Mkeo naye anakuamini, maana ukimsoma vizuri hajasema popote kwamba ni mwongo. Amesema unajitetea. Na mtu anaweza kujitetea kwa ukweli mtupu mwanzo mpaka mwisho, hakuna sheria inayosema utetezi lazima uwe uongo. Hapa ndo watu wengi mnapotea, mnadhani mkishathibitisha kwamba sababu ni ya kweli basi kazi imeisha, kumbe hakuna aliyekuwa anabishia ukweli wake.

Twende kwenye hadithi yenyewe. Ukimsimulia mkeo, unaanzia wapi? Unaanzia kwenye kikao kuwa kirefu. Kisha simu, kisha barabara. Mimi kwenye barua umenipa kitu ambacho kwenye ile meseji yako hakimo, nacho ni asubuhi. Uliiona meseji ya bosi asubuhi, simu bado ina chaji, barabara haijakuhusu, kikao hakijaanza, na mkeo yuko mbele yako anajiandaa. Hapo ulikuwa na njia kibao. Kumpigia bosi ukasema mke wangu anapasuliwa leo, ripoti namtumia mwenzangu aiwasilishe. Ungeweza kumpigia shemeji wewe mwenyewe saa ileile, na huyo shemeji tunajua alikuwa anapatikana kwa sababu alipopigiwa alikwenda. Ungeweza hata kumwambia mkeo ukweli mchungu kwamba leo nimechagua kikao, tutafute mtu wa kukaa na wewe. Angekasirika, ila asingekaa mapokezi na usingizi wa dawa kichwani anapiga namba ambayo haipatikani.

Hukufanya hata moja. Ulipiga hesabu, na ile hesabu ukiitazama vizuri ilikuwa inasema hivi: bosi akikosa atakasirika, mke akikosa atavumilia. Kosa lako liko hapo, kwenye neno "tangulia", na sababu zako zote tatu zimetokea baada ya hapo. Ndo maana kila ukimwelezea foleni anakuona unazunguka nyumba huingii ndani. Yeye hana ugomvi na foleni.

Sasa nikutofautishie, maana umeuliza swali zuri. Kuna mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, J. L. Austin, mwaka 1956 alitoa hotuba kuhusu mambo hayahaya ya kujitetea, akasema mtu akituhumiwa ana njia mbili za kujitoa. Ya kwanza ni kukubali kwamba nimefanya ila kukataa kwamba ni vibaya, nilikuwa na sababu ya haki. Ya pili ni kukubali kwamba jambo ni baya ila kukataa kwamba ni langu lote, nilisukumwa, niliteleza, sikujua. Sasa chukua ile meseji yako. "Nafanya haya yote kwa ajili yenu" ni ya kwanza. "Haikuwa nia yangu" ni ya pili. Na kwenye barua umeongeza ya kwako mwenyewe, kwamba "na yeye alisema hata usipokuja sawa", yaani kosa lenyewe mgawane. Mtu anayesema hata usipokuja sawa siku chache kabla ya kulazwa kitandani kwa operesheni mara nyingi anaogopa kuonekana mzigo, anataka umwambie acha hayo, nakuja. Ila hilo nalo tuliache, labda na yeye angesema wazi anachotaka, lakini yeye hajaniandikia, umeniandikia wewe.

Na Austin hakuwa anasema kila anayejitetea ni mtu mbaya. Udhuru wa kweli upo. Kama ungekuwa njiani kuja hospitali ukagongwa na gari, hakuna mtu angekudai maneno, mkeo angetoka na bandeji zake kukutafuta. Namna ya kujua uko upande gani ni kujiuliza hivi, asubuhi ileile ikirudi, kuna kitu mkono wangu ungeweza kukifanya tofauti? Kama hakuna, eleza udhuru wako na upewe pole. Kama kipo, basi kile ndo cha kuombea msamaha, na kitaje kwa jina lake. Mambo mengi yamechanganyika, kidogo udhuru kidogo kosa, na tabia ya binadamu ni kuchota upande wa udhuru kwanza kwa sababu ndo upande usiouma.

Turudi kwenye meseji, maana naona unajivunia na mimi nataka nikuharibie. "Samahani kwa yote yaliyotokea." Nani aliyatokeza? Hiyo sentensi haina mtu ndani. Wakubwa wa dunia wanaipenda sana. Ronald Reagan, rais wa Marekani wa wakati huo, alipobanwa na ile kashfa ya kuiuzia Iran silaha, Januari 1987 alisimama mbele ya bunge la Marekani akasema makosa makubwa yalifanyika, yalifanyika tu, yenyewe. Haikumsaidia. Tarehe 4 Machi mwaka huohuo akarudi kwenye televisheni akasema anabeba jukumu lote kwa aliyoyafanya yeye na serikali yake, na hata hiyo ya pili ilikuwa na vijisababu vyake ndani, ila walau safari hii mtu alionekana. Mwenye udhuru mzuri kuliko wote alikuwa Bill Clinton, naye rais wa Marekani, mwaka 1997, alipowaomba msamaha wale wazee weusi waliofanyiwa utafiti wa Tuskegee. Ule utafiti serikali yao iliuanza 1932, wanaume karibu 400 wenye kaswende wakaachwa bila kutibiwa na bila kuambiwa ukweli mpaka 1972, hata penisilini ilipokuwa dawa inayojulikana. Clinton amezaliwa 1946. Angeweza kusema mimi sikuwepo, na lingekuwa kweli tupu kama foleni yako. Badala yake aliwaita Ikulu wale waliobaki hai na familia zao, akasema serikali ilichofanya ni cha aibu na naomba radhi. Hakuna aliyemuuliza alizaliwa lini.

Halafu kuna "kama nimekukosea". Kama? Mwanangu, unaomba msamaha kwa kosa ambalo bado unalichunguza? Na "najua umeumia" ni sentensi inayomhusu yeye na maumivu yake, haisemi nani kaumiza. Meseji nzima hakuna mahali pameandikwa mimi nilifanya kitu fulani. Kuna watu huwa wanafundishwa eti ukiomba msamaha usiweke "lakini". Sawa, ila angalia, meseji yako haina "lakini" hata moja na bado ni utetezi wote.

Umeuliza kama ulitakiwa ukae kimya usielezee. Hapana, na hapo mimi natofautiana na wanaosema maelezo yote ni visingizio. Roy Lewicki na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha utafiti mwaka 2016, watu 755, wakawapa namna mbalimbali za kuomba msamaha wapime ipi inafaa. Walikuwa wanaangalia mambo sita: kueleza majuto, kueleza ilikuaje, kukiri kosa ni langu, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba usamehewe. Kilichobeba uzito kuliko vyote ni kukiri kosa, kikafuata kurekebisha. Maelezo yalikuwemo katikati, hayakuwa takataka. Cha mwisho kabisa kwa uzito ni kuomba usamehewe, ambacho ndo wewe umekifanya mpaka basi. Sasa ule mfano wao ulikuwa wa mambo ya kazini, wa kwenye karatasi, hawakuujaribu kwa mke aliyetoka kupasuliwa, kwa hiyo sikupi kama sheria. Lakini mpangilio wake unanifanania na ninachokiona kwenye barua za watu. Anayekiri kwanza akishakiri, yule aliyeumizwa mwenyewe huwa anauliza, sasa ilikuaje? Hapo maelezo yana kazi, kwa sababu yameombwa. Yakitangulia kabla ya kukiri, hata yawe ya kweli kiasi gani, yanasikika kama unampunguzia hasira kabla hajaruhusiwa kuwa nayo.

Na kuna jambo la wakati. Cynthia Frantz na Courtney Bennigson walionyesha mwaka 2005 kwamba msamaha uliochelewa kidogo, baada ya aliyekosewa kusema yake na kuona ameeleweka, unaridhisha kuliko ule wa haraka. Wewe unasema kwa fahari "kabla hata sijakaa nikamwomba msamaha". Ndo tatizo. Kabla hujakaa, hujamuuliza unaendeleaje, unasikia maumivu wapi, daktari kasemaje, ulikaa pale peke yako kwa muda gani. Ulifika na majibu tayari kwa swali ambalo hajauliza. Na nikwambie kitu kingine, usikasirike, barua yako yote hii ndefu haina sentensi inayosema alikuwa anapasuliwa nini wala operesheni ilikwendaje. Najua wageni wa bosi walifika mapema, najua nani aliandaa ripoti, najua chaji ya simu yako iliishia wapi. Kuhusu mgonjwa sijui kitu. Sisemi humjali, nadhani unamjali sana ndo maana umeandika, ila ukimya huo na yeye anausikia.

Ile kauli usiyoielewa, ya kubembelezwa. Ulipomwambia mi sifai, ungeolewa na mwingine, ulionekana kama umekiri kosa kubwa kuliko lile analolalamikia yeye. Kumbe umelikimbia. Mtu akisema mimi ni mbaya wote mzima, hakuna tena kitu kimoja cha kumshika nacho, na aliyeumizwa anajikuta inabidi aseme hapana jamani we si mbaya. Mkeo ameliona hilo papo hapo, mwanamke mwerevu huyo. Yeye hajakuambia ni mume mbaya. Anasema siku moja, asubuhi moja, ulimwachia aende peke yake. Hilo ni dogo kuliko "sifai" na ni gumu zaidi kulitamka. Na simu ya kwenye boksi ni vilevile, hakukosa simu siku ile, yake ilikuwa inapiga vizuri tu, ya kwako ndo ilikuwa haipokei.

Sasa nifike kwenye kinachonitisha mimi, na si hasira, maana hana. Unasema haniombi kitu, na akasema "sikutaka kukusumbua, una kazi". Umesikia hayo maneno yametoka wapi? Ni ya kwako. Umemwambia mara nyingi kwamba kazi ilikubana, kwamba haikuwezekana, kwamba mtu yeyote angekwama palepale, na yeye amekubali. Umeshinda kesi mwanangu. Amekuona huna hatia. Na kama huna hatia, kama kweli siku ile hakukuwa na namna, basi maana yake siku nyingine bosi akituma meseji hakutakuwa na namna pia, na mtu mwenye akili akishajua hivyo anafanya nini? Anatafuta mtu mwingine wa kumpeleka kliniki. Anampigia mdogo wake. Hajakuadhibu, amepanga maisha yake kwa kufuata maelezo uliyompa.

Hii ndo tofauti ninayotaka uishike kuliko zote za juu. Anayejitetea anasema haikuwezekana, na anayesikia anajua kwamba hata kesho haitawezekana. Anayeomba msamaha anasema niliweza na sikufanya, inauma kusema, inamshusha, lakini ndani yake kuna habari njema kwa mwenzake, kwamba kumbe anaweza. Ukimnyima ile "niliweza" unamnyima sababu ya kukutegemea tena. Wewe unadhani unajisafisha kumbe unajiondoa.

Ufanyeje. Tafuta muda watoto wamelala, simu iwe mbali, usianze na samahani maana hilo neno kwako limeshachakaa. Mwambie nataka unisimulie siku ile ya hospitali kuanzia asubuhi, sijawahi kukuuliza. Halafu nyamaza. Atakwambia vitu ambavyo hukuvijua, labda nesi alimuuliza mwenzako yuko wapi akatafuta cha kujibu, labda aliogopa kabla ya kuingia na hakuwa na wa kumshika mkono, sijui mimi, yeye ndo anajua. Atakosea saa mahali fulani, atasema ulifika usiku wakati ilikuwa jioni. Usimrekebishe. Ukimrekebisha saa umerudi mahakamani na mimi sitakuwa na la kukusaidia.

Akimaliza ndo useme, na useme kwa maneno yako, mimi nakupa tu njia. Kitu kama: "Asubuhi ile nilijua kuna kikao na nilijua unaogopa. Ningeweza kukataa kikao au kumpigia mdogo wako akae na wewe. Nilichagua kikao nikakwambia tangulia, nikijua utavumilia. Nilikuacha peke yako na ni mimi niliyekuacha." Ukifika hapo utasikia mdomo unawasha kuongeza kitu kuhusu bosi. Ufunge. Kama yeye atauliza kwani bosi angekufanya nini, mjibu kwa ukweli, hata kama ukweli ni kwamba uliogopa kumwambia bosi hapana na ukaona ni rahisi kumwambia mke. Nadhani hapo ndo penyewe, na nadhani hujamwambia mtu yeyote hilo, hata mimi umeniambia kwa kuzunguka.

Usimwombe akusamehe siku hiyo. Usiulize tumemaliza? Swali hilo linampa yeye kazi ya kukufariji, na ameshakuambia amechoka hiyo kazi.

Kliniki sasa. Usimwambie ntajitahidi nije. Nenda kwanza kazini uombe ruhusa ya siku hiyo, mtu mwingine aelekezwe kazi yako, bosi ajue kabisa haupo hata wageni washuke kutoka mbinguni, ndo urudi umwambie mkeo nimeshaomba ruhusa, ningependa nikupeleke, ila kama mmeshapanga na mdogo wako na unapenda iwe hivyo, nitabaki na watoto. Uchaguzi awe nao yeye. Akisema ataenda na mdogo wake, usinune, maana ukinuna atakuwa amepata mgonjwa wa pili wa kuhudumia. Baki na watoto kweli, na akirudi muulize kidonda kinaendeleaje. Na shemeji mshukuru, sijaona mahali umemshukuru.

Baada ya hapo itachukua muda na huo muda hauna tarehe. Ataanza na kitu kidogo, atakuomba upitie mahali uchukue kitu, na atakuwa anaangalia kama utapitia. Siku hiyo simu iwe na chaji.